Chupa niliyoijaza mapema mno

Mwaka wangu wa kwanza kambini kazi yangu ilikuwa kupanga kore. Kore ni mche wa jiwe, mviringo, unaotoka ndani ya mtambo wa kuchoronga. Kwa saizi ya HQ mche una upana wa milimita 63.5, shimo likizidi kwenda chini unahamia NQ, milimita 47.6. Kila baada ya mita 3 mchorongaji na wasaidizi wake walivuta bomba la ndani kwa waya, wakalilaza, wakaligonga taratibu, na jiwe lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 likateleza kwenye trei likiwa bado limelowa. Mimi nililipokea, nikaliosha, nikalipanga sandukuni kutoka kushoto kwenda kulia kama mistari ya daftari, nikaandika kina kwa kalamu ya wino mzito.

Tulikuwa upande wa Sengerema, si mbali na ziwa, enzi ambazo kutoka Kigongo kwenda Busisi ilikuwa ni kusubiri kivuko. Kampuni ilitaka kushusha njia ya mteremko ndani ya mlima ili wataalamu wauone mwamba kwa macho, na kabla ya kulipua hata mita moja ilibidi yajulikane mambo mawili: mwamba utasimama wenyewe au utataka kushikiliwa, na maji yako wapi. Mashimo yetu yalichorongwa kujibu hayo. Dhahabu ilikuwa kazi ya wenzetu.

Siku moja nikapokea mita 3 ambazo ndani yake mlikuwa na mita 2.4 tu za jiwe. Nikafanya nilivyofundishwa: nikaweka kibao, nikaandika "kore imepotea 0.6", nikaendelea. Jiwe la kabla na la baada lilikuwa zuri, la kijivu, gumu, vipande virefu vya kupendeza. Jioni akapita mzee wetu, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, akayapita masanduku yote mazuri na kusimama palepale penye kibao.

"Kijana, hapa pana nini?"

"Hapana kitu, mzee. Kore imepotea."

"Imepotea kwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanituma kwa mchorongaji wa zamu ya usiku nikaombe daftari lake. Lilikuwa limejaa grisi na mwandiko wa mtu aliyeandika huku ameshika tochi kwa meno, lakini kwenye mita ya 71 alikuwa ameandika maneno mawili: maji hayarudi. Maji yanayosukumwa chini kupooza kichwa cha almasi kwa kawaida hupanda tena pembeni mwa bomba na kutoka juu yakiwa na unga wa jiwe. Usiku ule yalishuka yote na hayakurudi. Mwamba uliyameza. Zile sentimita 60 nilizozifanya kibao ndizo zilizokuwa mlango wa maji wa shimo zima. Jiwe la mahali kama pale limesagika na kulainika, kwa hiyo linaoshwa na kuondoka kabla halijafika kwenye trei. Mkononi unabaki na jiwe gumu ambalo kuhusu maji halina la kukuambia.

Leo nachimba visima Mwanza na wilaya za jirani, na nikiletewa ripoti yenye picha za kore nzurinzuri, jicho langu linaenda kwenye vibao kwanza.

Mtu aliyekulia Mwanza anadhani anayajua mawe. Mimi nimekulia Mabatini, kwenye nyumba iliyoegemea jiwe, na jiwe hilo tulilianikia dagaa, tulilifanyia kazi za shule, na tulilalia mgongo usiku wa joto. Wageni hupiga picha Jiwe la Bismarck, sisi tunaishi na ndugu zake kila mtaa. Lakini jiwe la juu, lililooshwa na mvua na kupasuliwa na jua, halikufundishi sana kuhusu jiwe la mita 70 chini. Itale (graniti) nzima, isiyo na ufa, haina nafasi ya maji ndani yake kama mchanga ulivyo nayo. Maji yanakaa sehemu mbili: kwenye tabaka la juu ambako jiwe limeoza likawa kama changarawe, na ndani ya nyufa. Ndiyo maana mtu anaweza kuchimba Buswelu mita 90 akapata vumbi, na jirani yake, hatua ishirini kutoka hapo, akapata maji kwenye mita 40. Watu husema jirani ana bahati, au mganga wake ni mkali. Mara nyingi ni ufa tu, umelala kwa mwinamo fulani, mmoja ameukata na mwenzake amepita pembeni.

Mzee wetu alianza kazi katika HESAWA, mradi wa maji vijijini na usafi uliofadhiliwa na Sweden katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza kuanzia 1985. Alichimba visima vifupi hadi akaota sugu. Wazee wa Kisukuma walimfundisha kusoma udongo: luseni, ule mchanga wa karibu na vilima vya mawe, kisha itogolo, ardhi ngumu ya chini yake, mpaka mbuga yenye udongo mweusi. Baadaye akapelekwa Sweden kwa mafunzo, na huko akapata nafasi ya kutembelea Äspö. Hilo ndilo jambo alilokuwa akilisimulia kila jioni tukisubiri chakula, na mimi sikuchoka kulisikiliza.

Äspö ni kisiwa karibu na mji wa Oskarshamn, kusini mashariki mwa Sweden. Waswidi walitaka kujua kama mabaki ya mafuta ya mitambo ya nyuklia yanaweza kuzikwa salama ndani ya mwamba, katika makasha ya shaba yaliyozungushiwa udongo wa bentonaiti, kwa muda mrefu kuliko historia yote ya binadamu tunayoijua. Hatari yenyewe ni maji, maana hayo ndiyo yanayoweza kulifikia kasha na kubeba kilichomo kukirudisha juu. Kwa hiyo wakajenga maabara ndani ya mwamba. Kati ya 1990 na 1995 walichimba njia inayopita chini ya bahari na kuzunguka kushuka mpaka mita 460 hivi. Haikuwa ya kuzikia chochote. Ilikuwa ya kujifunzia.

Kilichomgusa mzee ni kilichofanyika kabla ya hapo. Kuanzia 1986 walipima kutoka juu, wakachoronga mashimo, wakapima maji kipande kwa kipande, kisha wakaandika utabiri: njia ikifika hapa tutakuta mwamba wa aina hii, pale tutakutana na ukanda wa nyufa, maji ya mahali fulani yatakuwa na chumvi kiasi hiki. Wakaandika kabla. Halafu wakachimba, wakalinganisha walichosema na walichokuta, na hawakufuta palipokosewa. Kanda kubwa za nyufa zilitabirika vizuri kuliko zile ndogo ndogo. "Unajua inataka moyo wa namna gani," mzee alikuwa akisema, "kuandika kitu ambacho kesho mwamba utakukosoa mbele ya watu?"

Akatulazimisha tufanye hivyo. Kila shimo, kabla ya mtambo kuwashwa, ukurasa wa kushoto unaandika unachotarajia, ukurasa wa kulia unauacha wazi. Mwezi wa kwanza niliona ni usumbufu. Mwezi wa tatu nikaanza kuona makosa yangu yana mpangilio: kila mara nilitarajia nyufa zisimame wima, kwa sababu juu ya mlima nilikuwa naziona zikisimama wima, na kila mara chini nilikuta zilizolala. Bila ukurasa wa kushoto nisingelijua hilo. Kichwa cha mtu kikishaona jibu kinajidai kililijua tangu mwanzo.

Alinifundisha pia kutofautisha ufa wa mwamba na ufa wa mchorongaji, jambo ambalo linaonekana dogo na si dogo. Ubora wa mwamba hupimwa kwa njia aliyoibuni Mmarekani Don Deere miaka ya 1960: unajumlisha urefu wa vipande vyote vyenye sentimita 10 na kuendelea, unagawa kwa urefu wa mita zilizochorongwa, unapata asilimia. Lakini jiwe linavunjika pia likigongwa kutoka kwenye bomba, likiangushwa, au likilazimishwa liingie sandukuni. Ukihesabu mivunjiko hiyo kama nyufa, mwamba mzima unaonekana mgonjwa. Mvunjiko wa mkono ni msafi, unakwaruza kidole, na vipande viwili vikirudishwa vinashikana kabisa. Ufa wa asili una ngozi: utando wa kijani, chokaa nyeupe, udongo laini, au rangi ya kutu. Ile ya kutu niliipenda kuliko zote kwa sababu inakuonyesha njia ambayo maji yenye hewa kutoka juu yalipitia. Mzee aliyafumba macho akapitisha dole gumba, na mara chache sana alikosea.

Halafu kulikuwa na kupima kwa kusukuma maji. Unashusha mipira miwili shimoni, unaijaza hewa ivimbe na kuziba juu na chini, katikati unabakiwa na kipande cha mwamba kilichotengwa, kisha unasukuma maji humo na kuhesabu yanayopotea. Kipimo chake kina jina la Mswisi Maurice Lugeon, aliyekitoa mwaka 1933: lita 1 kwa dakika kwa kila mita ya shimo, kwa mgandamizo wa baa 10. Kipande cha mita 3 kikimeza lita 6 kwa dakika kwa mgandamizo huo, ni Lugeon 2. Unapandisha mgandamizo kwa ngazi, kisha unashusha kwa ngazi zilezile, na hiyo safari ya kushuka ndiyo yenye maana. Siku moja nilikuwa na haraka ya kuwahi kivuko cha mwisho nikapandisha kupita kiasi. Wakati wa kushuka, mwamba ukameza maji mengi kuliko wakati wa kupanda. Nilikuwa nimeupanua ufa mwenyewe, au nimeusafisha udongo uliouziba, na kuanzia pale kila nilichopima kilikuwa ni nilichokifanya, siyo mwamba ulivyokuwa. Kipande kile tulikiandika hakifai. Kivuko nacho nilikikosa.

Hayo yote, hata hivyo, ni madogo mbele ya chupa.

Utafiti ulipoisha, uongozi ulikubali shimo moja lililokuwa karibu na kijiji lipanuliwe na kuwa kisima cha wananchi. Ni lilelile la mita 71. Lilikuwa na maji mengi na sote tulifurahi. Kijiji kile kilikuwa kinachota lambo wanakonywesha ng'ombe, na wengine wanaenda ziwani, kwenye kichocho. Watu wakachanga fedha za uzio, vijana wakabeba mawe, kamati ikaundwa. Siku mbili baada ya shimo kupanuliwa nikaendesha pampu kwa saa chache, maji yakatoka maangavu, nikajaza chupa, nikaipeleka maabara. Majibu yakarudi mazuri ajabu. Chumvi kidogo, floraidi chini kabisa ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani. Nikasimama mkutanoni nikawaambia: maji haya ni salama. Niliyasema mimi, kwa mdomo wangu.

Hazikupita wiki nyingi akaja mama mmoja wa kamati ya maji, amebeba ndoo kichwani kutoka kijijini mpaka getini kwetu. Nikamwamkia, akaitikia, akatua ndoo.

"Mwanangu, haya siyo maji uliyotuonjesha. Sabuni haishiki povu. Chai inabadilika rangi."

Nikatumbukiza kipimo cha umeme wa maji, kile kinachoonyesha kwa haraka wingi wa chumvi iliyoyeyuka. Kikasoma zaidi ya 900. Nikafungua daftari langu la siku ya chupa: 140. Nikadhani kipimo kimeharibika. Mzee akanisogelea, akatazama namba zote mbili, akaniuliza swali moja kwa sauti ya chini ili mama asione nikiaibika.

"Maji ya kuchorongea mlikuwa mnayatoa wapi?"

Ziwani. Boza lilikwenda ziwani mara kadhaa kwa siku. Na maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo sana, kipimo husoma karibu na 100. Wiki nzima shimo lile lilikuwa linameza maji ya boza kwenye mita 71, yakajaa ndani ya nyufa, yakasukuma maji ya mwamba mbali. Nilipowasha pampu, kilichorudi kwanza ni kile tulichokimwaga. Nilichukua maji ya ziwa kutoka mita 71 chini ya ardhi, nikayapeleka maabara, nikawarudishia wananchi majibu ya ziwa lao.

Chupa ya pili ilionyesha floraidi imezidi kikomo zaidi ya mara mbili. Floraidi hutoka ndani ya itale yenyewe: baadhi ya madini yake yanayo, na maji yakikaa muda mrefu ufani yanaiyeyusha taratibu. Haina rangi, haina harufu. Mtoto akiyanywa miaka ile meno ya ukubwani yanapojengeka, meno yanatoka na madoa ya kahawia ambayo hayatoki. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa. Nilikuwa nimewaambia akina mama wawape watoto.

Mzee alinipeleka kijijini mwenyewe. Hakusema neno njia nzima, na palepale mkutanoni aliwaomba radhi kwa niaba ya kambi kisha akaniachia nafasi. Nikaeleza, kwa Kiswahili cha kawaida, boza, nyufa, chupa. Nilitegemea kuzomewa. Mzee mmoja wa kijiji akauliza tu kama maji yanafaa kwa ng'ombe na kufulia, na kama tutatafuta mahali pengine. Yalifaa kufulia, ijapokuwa kwa sabuni nyingi. Tulitafuta mahali pengine, kwenye tabaka la juu lililooza, kisima kifupi zaidi chenye maji machache, lakini floraidi yake ilikuwa chini. Safari hiyo nilipima kila saa, nikachora namba kwenye karatasi, na sikugusa chupa mpaka mstari ulipolala.

Kule Äspö, mzee aliniambia usiku ule, maji ya kuchorongea yalitiwa rangi. Inaitwa uranini, inang'aa kijani hata ikiwa kidogo mno. Sampuli ikitoka shimoni wanapima rangi kwanza: wakiiona, wanajua bado kuna maji yao wenyewe ndani na ni kiasi gani. Ndivyo walivyoweza kutambua kwamba ndani ya mwamba mmoja kuna maji ya asili mbalimbali yaliyochanganyika, ya mvua, ya bahari ya Baltiki, ya barafu iliyoyeyuka maelfu ya miaka nyuma, na ya chumvi nzito ya kale zaidi. Wasingetenganisha hayo kama wasingejitenga wao kwanza. Sisi hatukuwa na rangi, lakini kipimo cha umeme tulikuwa nacho mfukoni, na ziwa lilikuwa mbele ya macho yetu. Nilikuwa na kila kitu cha kunionya isipokuwa subira.

Kuna jambo jingine nililochelewa kulielewa, nalo nalisema kwa wachimbaji wenzangu kila ninapopata nafasi. Shimo lenyewe ni ufa mpya, na ni mkubwa na ulionyooka kuliko nyufa zote zilizokuwepo. Linaunganisha maji ya mita 10, yaliyo jirani na vyoo, na maji ya mita 70 ambayo hayajawahi kukutana nayo. Kwenye vilima vya Igogo na Mabatini, ambako choo cha mwenzako kiko juu ya paa lako, hilo si la kinadharia. Kisima kisichozibwa pembeni mwa kesingi, yaani bomba linaloshikilia kuta za shimo, kwa saruji au bentonaiti kinaushusha uchafu wa mtaa mzima moja kwa moja hadi kwenye pampu. Na shimo kavu lililoachwa wazi ni baya zaidi, kwa sababu hakuna anayelipima. Mteja akiniambia nisipoteze mifuko ya saruji kwenye shimo lisilo na maji, namwambia bei yake ilikuwa ndani ya mkataba tangu mwanzo. Baadhi wamekasirika. Uji wa saruji nimeumwaga hivyohivyo, kutoka chini kuja juu.

Wiki iliyopita tulikuwa Kisesa, shambani kwa familia moja. Daftari langu, ukurasa wa kushoto: jiwe bovu mpaka mita 18, ufa wa kwanza mita 43, maji ya kutosha ndoo ya lita 20 kwa sekunde 30. Nyundo ya hewa ikashuka. Mita ya 43 ikapita na vumbi kavu, la kijivu, likitufunika nywele. Mwenye shamba akanitazama. Kijana anayenisaidia akakuna unga wa mita ya 50 akanionyesha kiganjani: chembe za rangi ya kutu. Mita ya 51 vumbi likalowa, likakata, kisha maji yakaruka juu ya mtambo na watoto wa jirani wakakimbilia ndani yake wakipiga kelele. Nikaandika upande wa kulia, 51. Ile 43 nikaiacha ilivyo.

Tuliweka pampu saa kumi jioni. Hapo tulikuwa tumetumia maji ya boza kidogo tu pamoja na povu la kuchimbia, lakini kipimo kilianza kwa 240, baada ya saa moja 390, usiku 560. Kijana akashika chupa, akauliza kama tujaze tulale. Nikamwambia alete mkeka na tochi. Saa kumi na moja alfajiri kilisoma 618, na nusu saa baadaye 618.